Ndege Anayelima Maji

Baba yangu alikuwa mkweli kupita kiasi, na Kaloleni nzima, mtaa wetu wa Nairobi, ilimjua kama muongo. Naanza hapo kwa sababu nisipoanza hapo nitaanza na biriani ya harusi, na nikianza na biriani hatutafika mtoni leo.

Alifanya kazi reli. Kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa yaliyosimama, kugonga kila gurudumu kwa nyundo yenye mpini mrefu, na kusikiliza. Gurudumu zima hulia vizuri, lenye ufa hutoa sauti iliyokauka, na mtu wa kazi hiyo akisema ni zima kumbe si zima, kuna abiria hawafiki kwao. Tabia hiyo alirudi nayo nyumbani kila jioni pamoja na grisi ya mikononi. Ukimwuliza kama chai ina sukari, alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akasema inatosha ila imekaa chini, koroga. Mama akiunguza ugali, wageni wote waliusifu. Baba alisema umeungua upande mmoja, upande wa pili ni mzuri sana. Kutia chumvi katika habari alikuwa hajui kabisa.

Sasa mtu huyo huyo alikuwa na habari moja ya ndege. Akiwa kijana, kabla hajaoa, mwenzake wa reli alimchukua likizo mpaka Malindi, na kule mto Sabaki unapoingia baharini akaona ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo rangi ya karoti. Mdomo wenyewe ulikuwa kama umekosewa kiwandani, kwa sababu sehemu ya chini ilikuwa ndefu kuliko ya juu. Ndege huyo aliruka chini chini, mdomo wazi, ile sehemu ya chini imezama, akachora mfereji mrefu juu ya maji bila kusimama. Baba alisema ndege huyo analima maji. Ukubwa wake ni kama njiwa aliyeshiba, mabawa marefu. Alisimulia hivyo hivyo miaka yote, bila kuongeza hata unyoya.

Na miaka yote watu walicheka. Pale wanaume wa mtaa walipochezea drafti kwa vizibo vya soda, mtu akidai ameona kitu cha ajabu, aliulizwa kama kinalima. Aliyeongoza kicheko alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, mfanyabiashara wa mbuzi aliyeamkia soko la mbuzi la Kiamaiko kila alfajiri na kurudi saa nne na harufu iliyomtangulia. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kumchokoza baba kwa sababu baba hakujua kujibu utani. Alijibu kila swali kana kwamba ameulizwa na mkaguzi.

Mama hakuwahi kumwita muongo. Alichofanya ni kwamba baba akianza habari ya ndege, aliinuka kwenda kuangalia sufuria, hata kama jikoni hakukuwa na moto. Hilo ndilo lililomchoma baba kuliko vicheko vyote vya drafti.

Mwaka wa habari hii baba alikuwa anakaribia kustaafu, na safari ya kurudi nyumbani, magharibi, ilikuwa imeshapangwa. Ukoo ulitaka akae na wazee wanaoamua kesi za mipaka ya mashamba, kazi inayomfaa mtu ambaye neno lake halitikisiki. Halafu mpwa wake mmoja akafika na basi kutoka huko huko, na kabla hajamaliza kusalimia akauliza, kwa heshima zote, kama mjomba ndiye yule mzee wa ndege wa kulima. Jina lilikuwa limepanda gari na kumtangulia nyumbani. Baba alicheka kidogo, kisha akasukuma sahani kando, na chakula hakikumshuka.

Ndipo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Malindi na kuolewa Nairobi, akatangaza kwamba anamwoza binti yake kwao, na watu wa mtaa wanakaribishwa. Watu wakakodi basi. Mama alinunua leso mpya ya kujifunga. Baba alikwenda soko la Gikomba na kurudi na darubini aliyoikuta katikati ya viatu vya mitumba. Jicho moja lilikuwa limeota ukungu, la pili lilikuwa safi. Alimwita mama, akamketisha, akamwambia neno ambalo nililisikia nikiwa mlangoni na bado nalisikia.

"Nataka wewe umwone kwa macho yako. Hao wengine basi."

Mama alisema sawa, kisha akaenda kuangalia sufuria.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na sikuwa nimewahi kuona bahari. Sitasimulia harusi. Nitasema tu kwamba wapishi walikuwa watu wa maana, kwamba mama alijifunza kupiga vigelegele vya pwani na akakataa kuacha, na kwamba kesho yake alasiri, kabla basi halijaanza safari ya kurudi, jirani yetu wa Malindi alipakia sufuria ya biriani iliyobaki, kuku juu yake, akasema twendeni tukamtafute huyo ndege tumalize maneno. Tulikwenda watano: yeye, baba, mama, mimi, na mzee wa mbuzi, ambaye alisema hawezi kukosa, maana watu wa drafti watamwuliza. Pikapu ya jamaa mmoja wa jirani huyo wa Malindi ilitushusha karibu na daraja la Sabaki, tukafuata mto kwa miguu hadi kwenye vilima vya mchanga.

Nilipofika juu ya kilima cha mwisho nikaona bahari yote kwa mara moja, nikaanza kucheka. Sijui kwa nini. Nilifurahi mpaka nikahisi kizunguzungu. Mama naye alianza, na tukishikana mikono tukashuka kile kilima mbio, yeye mwanamke mzima wa kanisa, leso inapepea nyuma, huku baba akituita polepole tusiwatishe ndege.

Ndege walikuwepo wa kila namna. Mto unaleta matope ya udongo mwekundu, bahari inaleta maji yake, na pale vinapokutana kuna visiwa vya mchanga vilivyojaa mabawa. Sisi watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, tunajua ndege wawili. Kuna korongo wale wenye upara wanaosimama karibu na machinjio kama wanangoja mshahara, na kuna mwewe. Ghafla tukawa na ndege ambao hatukuwa na pa kuwaweka. Kulikuwa na flamingo, waridi kabisa, na mama alitaka kujua kama rangi hiyo hutoka wakinyeshewa. Kulikuwa na wengine wadogo wa kijivu waliokimbia kwa kundi kufuata wimbi likirudi, kisha wakageuka na kukimbia wote kwa pamoja wimbi likija, mbio zile zile za wachuuzi wa Gikomba wakiona kanjo, askari wa jiji. Niliwatazama hao mpaka mbavu zikaniuma.

Mzee wa mbuzi alitembea na koti na viatu vya ngozi vilivyojaa mchanga, na kila ndege alimpima kwa jicho la kazi. Huyu robo kilo. Yule nusu, lakini mifupa mitupu. Flamingo alimwangalia muda mrefu akasema miguu yote hiyo ni hasara. Na kila alipotaja uzito alimgeukia baba na kumwuliza kwa upole mkubwa, "Ndiyo hii?" Baba alitazama kwa jicho zima la darubini, akajibu, hapana, si huyo. Hata kunguru alipotua, mzee wa mbuzi aliuliza, na hata hapo baba alitazama kwanza kabla ya kusema hapana.

Mzee wa mbuzi alipopewa darubini aliishika kinyume, akaona viatu vyake mbali sana, akacheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alikuwa amepitisha jicho kisiwa kimoja baada ya kingine mara nyingi, na uso wake ulianza kuwa kama wa mtu aliyegonga gurudumu na hajapenda alichosikia. Nilimwonea huruma mpaka nikaacha kucheka, jambo ambalo siku ile lilihitaji nguvu.

Jirani yetu alikata shauri kwamba njaa haitafuti ndege. Akatandika mkeka, akafunua sufuria, akatupakulia. Jua lilikuwa limetoka kati ya mawingu, upepo mzuri, biriani ilikuwa imelala na kuamka tamu zaidi. Tulikula tukiutazama mto.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu sisi. Mtoto wa Eastlands anafunzwa habari ya mwewe kabla hajafunzwa kuvuka barabara. Mwewe wanaishi kwa machinjio na masoko yetu, na wanajua kusoma mikono ya watu. Ukitoka buchari na nyama bila kuificha, au ukila andazi ukiwa umesimama uwanjani, unasikia upepo shavuni na mkono wako uko mtupu. Kwa hiyo kuna sheria moja isiyoandikwa popote. Kivuli kikipita juu, unafunika chakula kwanza, unatazama baadaye. Hufikiri. Mwili unafanya wenyewe.

Basi kivuli kikapita. Kilikuja kutoka nyuma ya vilima, kikavuka mkeka, na kikafuatwa na kingine. Na sisi wanne, kwa pamoja, kama tumefanya mazoezi, tuliinama juu ya sahani zetu, mikono yote miwili ikifunika, vichwa chini. Mama aliinama. Mimi niliinama. Mzee wa mbuzi alifunika sahani kwa koti. Na baba, aliyekuwa amengoja siku hii tangu kabla sijazaliwa, mwenye darubini shingoni, aliinama kuliko sote.

Aliyebaki ameketi wima ni jirani yetu peke yake, kijiko hewani. Nairobi ilimlea nusu ya maisha yake, lakini alikuwa amerudi kwao siku chache na mwili ulikuwa umeshasahau.

"Mwaficha nini nyie?" alituuliza. "Ndege wawili wamepita hapo, midomo myekundu. Hamkuwaona?"

Nilimtazama baba, na punje moja ya wali ilikuwa imemganda kwenye paji la uso. Nilianza kucheka tena, kisha mama, kisha jirani, tukacheka hata tukaomba maji. Baba alimhoji jirani kama mtu wa kazini. Mdomo upi ulikuwa mrefu, wa juu au wa chini? Jirani alisema hakupima, alikuwa anatafuna. Mzee wa mbuzi alikataa ushahidi huo mara moja, akisema mpishi wa biriani nzuri kiasi hiki hawezi kuwa shahidi, maana sote tuko tayari kumkubalia lolote.

Baba akasema watarudi, huwa wanakwenda na kurudi. Mzee wa mbuzi akasema wakirudi yeye atafunika tena, hana njia nyingine. Na alisema kweli. Kunguru walikuwa wametuzunguka kwenye mchanga, shingo upande, wakingoja. Mtu alikuwa na mikono miwili na macho mawili, na ilibidi achague.

Mama alikuwa amebakisha paja la kuku. Alikuwa na desturi ya kula wali wote kwanza na kuliacha paja mwisho, na paja hilo lilikuwa limekaa katikati ya sahani, zima, lina rojo. Alilitazama. Kisha akamtazama baba, ambaye alikuwa anafuta jicho la darubini kwa pindo la shati, lile la ukungu, ambalo halikuwa na haja ya kufutwa.

Mama akaiweka sahani kwenye mchanga. Hakuifunika kwa leso. Hakumwambia mtu amshikie. Aliinuka, akapangusa vidole, akatembea mpaka ukingo wa maji na kusimama pale, uso juu. Nilidhani anaumwa. Sijawahi kumwona mwanamke wa Kaloleni akiacha paja la kuku wazi nje ya nyumba, na sikutarajia kuanza na mama yangu mzazi.

Paja lilikaa pale kwa muda wa kupepesa macho. Kunguru akalibeba. Mzee wa mbuzi, paja halikuwa lake lakini ni mtu wa nyama, alishindwa kuvumilia. Alivua kiatu kimoja, akamfuata kunguru nyuma ya kilima akimtolea maneno ya Kiamaiko. Mama alisikia zogo lote. Hakugeuka. Baba alimfuata, akasimama kando yake.

Na ndege akaja. Alitokea upande wa bahari, peke yake, mabawa marefu yakipiga polepole kana kwamba hana haraka na mtu. Alishuka hadi karibu aguse maji, akafungua mdomo, na sehemu ya chini ikazama. Maji yakagawanyika. Alipita mbele yetu hivyo, moja kwa moja, shingo imeinama, na nyuma yake ukabaki mstari mweupe juu ya maji ya matope, umenyooka, kisha ukafunguka taratibu na kupotea. Mwisho wa kile kisiwa akageuka, akarudi juu ya mstari wake mwenyewe, akalima tena.

Mama alimshika baba mkono wa shati.

"Baba watoto. Kweli inalima."

"Mdomo gani uko majini?" baba akauliza.

"Wa chini."

"Mrefu kuliko wa juu?"

"Mrefu sana kuliko wa juu."

Baba aliishusha darubini. Alilia. Hakulia sana. Alimwambia mama ni chumvi ya bahari, kisha akasema hapana, si chumvi. Mama akaanza kucheka, kicheko kilichompiga magotini, akakaa chini palepale ndani ya maji na leso yake mpya, na mimi na jirani tukaenda kumwinua na tukaangukia hapo hapo. Tulikuwa tunapiga vigelegele vya harusi kwa ajili ya ndege. Alishakwenda zake kitambo na sisi bado tunampigia.

Mzee wa mbuzi alirudi na kiatu mkononi na mfupa mmoja, akauliza kuna nini. Baba akamwambia ndege amepita. Mzee wa mbuzi alitazama mto mtupu, akatutazama sisi tulivyolowa, akasema kwa huzuni kwamba hata sisi tumeanza.

Jioni ile watu wote wa mtaa walikaa uani kwa kina jirani, pale pale Malindi, mizigo imefungwa, wakingoja basi. Mzee wa mbuzi alitoa taarifa yake, na niseme kwamba aliitoa kwa haki: amekwenda, ametafuta, yeye kwa macho yake hakuona kitu. Watu walicheka na kumgeukia baba. Baba alifungua mdomo kuanza, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, lakini mama alikuwa ameshasimama katikati ya mkeka.

Aliisimulia yeye. Sikujua kama mama yangu anaweza kusimulia hivyo. Alitanua leso ikawa mabawa, akatembea ameinama, akatoa kidevu kuwa mdomo wa chini, na wanawake wakashikana kwa kucheka. Alianza vizuri, na ndege wa ukubwa wa njiwa. Lakini kicheko kikampanda kichwani. Mara njiwa akawa jogoo. Alipofika pale anapogeuka na kurudi, jogoo alikuwa bata mzinga, na mawimbi ya kulima kwake yalikuwa yameturusha chini na kutulowesha.

Nilimtazama baba na nikaogopa. Namjua. Niliona kidole chake kinainuka gotini, kile kidole cha kusema samahani, si hivyo, ni hivi.

Mzee wa mbuzi alikiona pia. Akanyamazisha ua mzima kwa mkono. Alisema miaka yote amemcheka mzee huyu, lakini jambo moja lazima akubali, mzee hajawahi kubadilisha ukubwa wa ndege wake, na leo ataamini atakachosema. Akamgeukia baba, bila utani safari hii.

"Hebu tuambie wewe, mzee. Hiyo ndege ilikuwa kubwa kama bata mzinga?"

Mama alikuwa bado amesimama, leso imetanuka, anahema, uso unang'aa, na nikaona anakumbuka ameolewa na nani. Mikono yake ilianza kushuka.

Baba alimtazama. Alichukua muda wake, kama alivyochukua kwa sukari na kwa ugali na kwa kila kitu. Kisha akakohoa.

"Bata mzinga ni mdogo," akasema. "Mama watoto anapunguza tu, asiwatishe."